Chombo Kimoja, Makafi Mawili

Somo: Marko 6:45–52



Habari ya somo letu ni fupi, nasi wengi tumeisikia tangu Shule ya Jumapili. Bwana Yesu amekwisha kuwalisha watu elfu tano. Jioni inakuja. Anawaagiza wanafunzi waingie chomboni watangulie ng'ambo, yeye anabaki kuwaaga makutano, kisha anapanda mlimani kusali. Usiku unaingia. Chombo ki katikati ya ziwa, upepo ni wa mbele, nao wanavuta makasia kwa taabu. Yapata zamu ya nne ya usiku, yaani baada ya saa tisa, anawajia juu ya maji. Wanapiga yowe wakidhani ni mzuka. Anawatuliza, anapanda chomboni mwao, na upepo unakoma.

Mara nyingi sisi wasikilizaji hukimbilia mwisho wa habari, pale Bwana anapotembea juu ya maji. Leo twataka kukaa kwanza na wale wanaovuta makasia. Maana Marko hasemi tu kwamba waliingia chomboni. Asema kwamba Bwana aliwalazimisha waingie. Hawakuchagua saa ya kuondoka, wala hawakuchagua upepo. Na jambo ambalo twalipita haraka ni hili: hawakuchaguana wao kwa wao.

Tuwahesabu waliokuwamo. Yumo Mathayo, aliyekuwa mtoza ushuru, mtu aliyehesabiwa na wenzake kuwa msaliti kwa sababu ya kazi yake. Yumo Simoni aitwaye Zelote, jina la watu wenye uchungu wa taifa lao, walioona haya hata kuuona uso wa mtumishi wa wakoloni. Wamo Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, ambao siku nyingine waliomba viti vya mbele na kuwaudhi wale kumi. Yumo Yuda. Watu hawa wote wamewekwa katika chombo kimoja, usiku, na upepo unawapiga usoni.

Nacho chombo chenyewe hakikuwa kikubwa. Mwaka 1986, ukame uliposhusha maji ya Ziwa la Galilaya, wavuvi wawili, mtu na ndugu yake, waliona ubao wa chombo cha kale umechomoza matopeni. Wataalamu wakakichimbua kwa uangalifu, wakakitambua kuwa ni cha nyakati zile zile alizoishi Bwana wetu hapa duniani. Urefu wake ni meta 8 na kitu kidogo, upana wake meta 2 na robo hivi. Tena walikuta kimeundwa na kutiwa viraka kwa mbao za miti ya aina nyingi: ubao huu wa mti huu, ubao ule wa mti ule. Katika chombo cha upana huo, Mathayo na Simoni Zelote hawakuweza kukaa mbali. Bega liligusa bega.

Yohana aongeza kwamba walikuwa wamevuta makasia mwendo wa stadio 25 au 30, ndio kama kilometa 5 hivi. Tangu jioni mpaka zamu ya nne, kilometa 5! Mtu mzima hutembea mwendo huo kwa saa moja na dakika chache, kama kutoka hapa Kisongo kuelekea mjini. Wao uliwachukua karibu usiku mzima. Tusiwacheke. Ziko parishi ambazo zimevuta makasia miaka kumi wala hazijafika kilometa 5.

Sasa jambo hili la kuvuta kasia pamoja na mtu usiyemchagua tulilitazama kwa macho yetu wenyewe katika safari moja, nasi twaona si vema kulificha. Wahusika wametupa ruhusa kuliandika, mradi majina yao yasitajwe.

Mwaka 2024, Kwaresima ikiwa ingali changa, wazee 14 wa parishi yetu tulisafiri kwenda pwani ya Kenya. Sisi watu wa Kisongo twaijua nchi yetu. Twajua vumbi la kiangazi, twajua upepo unaoshuka kutoka Meru, twajua punda waliobebeshwa madumu. Maji tunayajua yakiwa ndoo. Katika kundi letu watu tisa hawakuwa wamepata kuiona bahari kabisa, na mmoja wao ana miaka 74.

Tulivuka mpaka Holili, tukapita Taveta na Voi, tukalala Mombasa. Tulipokuwa njiani tulikumbushana kwamba tunaishuka nchi ile ambayo wajumbe wa Injili waliipanda. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, wakaanzisha kazi Rabai. Tarehe 11 Mei 1848, Rebmann akiwa safarini bara, aliona weupe juu ya Kilimanjaro, akasema ni theluji, na wataalamu wengine wa Ulaya wakakataa kusadiki. Wote wawili walikuwa Wajerumani, nao walitumwa na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza. Hapo nako ni chombo kimoja chenye mbao za miti mbalimbali.

Kutoka Mombasa tulikwenda kaskazini, tukavuka daraja la Kilifi, tukafika mahali paitwapo Mida, karibu na Watamu. Hapo bahari imeingiza mkono wake ndani ya nchi kavu. Watu wa pwani huita mahali kama hapo hori. Kando yake pote imeota mikoko, mikandaa na michu, miti iwezayo kuishi katika maji ya chumvi. Mizizi ya mkoko husimama juu ya tope kama miguu ya kaa, na mbegu yake huanza kuchipua ingali imeshikwa na mama yake, ili itakapoanguka iwe tayari kukamata tope. Tangu mwaka 1968 sehemu hiyo ya bahari imewekwa chini ya hifadhi. Katika miezi ile ndege wengi waliokimbia baridi ya kaskazini wapo wakila katika matope. Ni mahali pazuri mno, na moyo wa mwanadamu hapo humsifu Muumba bila kuamriwa.

Vijana wa pale huwachukua wageni majini kwa mitumbwi ya kawaida na kwa kile chombo chembamba kiitwacho kayaki. Yafaa tueleze, maana wengi wenu hamjakiona. Kayaki ilitoka kwa Wainuiti, watu wa nchi za barafu kama Greenland. Wawindaji wao waliunda kiunzi cha mbao zilizookotwa ufukweni au cha mifupa, wakakivika ngozi ya sili, yule mnyama wa baharini. Kilikatwa kwa kipimo cha mwili wa mwenyewe, kama koti kwa fundi cherehani. Siku hizi kayaki nyingi ni za plastiki, na ziko za mtu mmoja na za watu wawili. Mpandaji huketi chini kabisa, karibu sawa na maji, miguu ameinyosha mbele. Kafi lake ni mti mmoja wenye bapa huku na bapa huku. Hulizamisha kulia, kisha kushoto, kisha kulia.

Tulifika asubuhi, saa nne, kila mtu amejitayarisha. Tukakuta hakuna maji! Mbele yetu palikuwa na tope linalong'aa, na kaa, na ndege, na mfereji mwembamba mbali sana. Ilikuwa siku ya mwezi mpevu, na siku kama hizo, pia siku za mwezi mwandamo, ni wakati wa bamvua. Maji hupwa mno na kujaa mno, na tofauti yake huweza kupita meta 3. Siku nyingine, mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili karibu kila siku, na kila siku huchelewa dakika 50 hivi kuliko jana, maana yanaufuata mwezi, wala hayafuati saa yetu ya mkononi.

Mzee wetu mmoja, aliyezoea kuendesha mambo, akamwambia kijana, "Mwanangu, tumetoka Arusha. Tufanyie mpango."

Kijana akajibu kwa adabu, "Shikamoo mzee. Mpango upo. Maji hayajaja."

Tukakaa chini ya mti mpaka saa nane. Hilo peke yake lilikuwa hubiri. Sisi ni watu wa kusema, "Tufanyie mpango." Twaomba asubuhi, twataka jibu kabla ya chai. Kumbe kuna kazi ambazo mtu hawezi kuzianza mpaka Mungu alete maji, na kusubiri kwake hapo si uvivu bali ni sehemu ya kazi. Lakini angalieni pia upande wa pili: maji yakija hayamngojei mtu. Asiyekuwa tayari maji yakiwapo, baadaye atakuta tope tena.

Maji yalipoingia, vijana walitugawa wawili wawili katika kayaki 7. Hawakuuliza nani ni rafiki wa nani. Walitazama uzito wa mtu tu, mnene na mwembamba, ili vyombo vikae sawa. Kila mmoja akavikwa jaketi la kuokolea maisha. Ndipo mama wawili wa parishi yetu wakajikuta wameelekezwa kwenye chombo kimoja.

Mama hawa ni majirani. Mashamba yao yanapakana. Kati ya shamba na shamba ulikuwapo mstari wa isale, uliopandwa na wakwe zao walio marehemu. Miaka kama mitatu kabla ya safari, katika mambo ya wana wao kuuza kipande cha ardhi, isale ile iling'olewa usiku. Nani aliing'oa, kila upande una habari yake. Shauri likaenda kwa mabalozi, likaenda kwa wazee, likaenda kwenye baraza la kata. Tangu hapo mama hawa hawakusalimiana. Wote wawili wamo katika Umoja wa Akina Mama. Wote wawili hupokea Ushirika Mtakatifu. Wakati wa kupeana amani mmoja hugeukia dirisha, mwingine hugeukia mlango. Sisi sote twalijua jambo hilo, na tumelizoea, kama mtu anavyozoea ufa wa ukutani.

Pale ufukweni kila mmoja alisita. Lakini vyombo vingine vilikwisha kujaa, na vijana hawakujua habari za isale. Wakaingia. Mmoja mbele, mmoja nyuma. Yule wa nyuma akawa anautazama mgongo wa mwenzake, jambo ambalo hakulitaka kwa miaka mitatu.

Wakaanza kupiga makafi. Wote wawili wana nguvu, ni wanawake wa jembe. Huyu wa mbele akapiga kulia kwa nguvu zake zote. Huyu wa nyuma naye akapiga kwa namna yake, bila kumtazama mwenzake. Makafi yakagongana hewani. Chombo kikazunguka. Wakaongeza nguvu, kikazidi kuzunguka. Sisi wengine tulikwisha kufika kwenye mikoko, wao bado wanazunguka pale pale kama punda wa kinu, nao wakilowa jasho na maji ya chumvi. Hakuna aliyesema neno.

Kijana mmoja akawarudia na mtumbwi wake. Hakuwakemea. Akasema, "Mama zangu, nguvu mnazo. Ila kila mmoja yuko safari yake. Mama wa mbele ahesabu kwa sauti: kulia, kushoto. Mama wa nyuma atazame bega la mwenzake. Likiinuka, naye ainue. Wa mbele ana hesabu, wa nyuma ana njia, kwa kuwa chombo hiki hugeuzwa kutoka nyuma. Msiposemezana hamtafika."

Kukawa kimya kwa muda. Mkondo wa maji ukaanza kuwasukuma kwenye mizizi. Ndipo mama wa mbele, bila kugeuka, akasema, "Kulia."

Wa nyuma akaitika, "Haya. Kulia."

"Kushoto."

"Kushoto."

Wapendwa, hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyosemezana kwa miaka mitatu: kulia, kushoto. Hakuna aliyesema nisamehe. Hakuna aliyetaja shamba. Walihesabu tu, na chombo kikanyoka. Walipotufikia kwenye mikoko walikuwa wanahesabu kama watoto wa darasa la kwanza, na mmoja wao alikuwa analia, ingawa alisema ni chumvi.

Tujifunze nini?

Kwanza, tutambue kwamba chombo hakikuzunguka kwa sababu watu wale walikuwa wavivu. Kilizunguka kwa sababu wote walifanya kazi kwa nguvu, kila mtu peke yake. Magomvi mengi ya Kanisa si ya watu wavivu. Mvivu hana muda wa kugombana, amelala. Magomvi ni ya watu wenye bidii: mwenye bidii ya kwaya na mwenye bidii ya ujenzi, mwenye bidii ya shamba la mume wake na mwenye bidii ya shamba la mkwe wake. Kila mmoja anatoka jasho, na kila mmoja, akiona jasho lake, asema, "Mimi ndiye ninayekisukuma chombo hiki." Kweli anakisukuma, lakini kinazunguka.

Pili, tazameni jinsi walivyonyoka. Hawakungoja mpaka wapendane ndipo wapige kafi pamoja. Kama wangengoja hivyo, wangekuwa kwenye mizizi mpaka leo. Walianza na neno dogo lililohitajiwa na kazi iliyokuwa mbele yao. Sisi walimu wa zamani twajua jambo hili. Watoto wawili waliopigana, ukiwasimamisha mbele ya darasa na kuwaamuru wapendane, watapeana mikono huku macho yamejaa moto. Lakini uwape ndoo moja ya maji waibebe pamoja, mti mmoja mabegani mwa wawili, lazima waulizane, "Unaenda haraka? Simama kidogo. Haya twende." Kabla ya kufika jikoni, ugomvi umepungua maji kama ndoo ilivyopungua. Huenda hii ndiyo hekima ya Bwana kuwalazimisha Mathayo na Simoni wavute kasia usiku kucha. Hakuwapa somo la upatanisho. Aliwapa upepo wa mbele.

Tatu, na hili ndilo kubwa: aliwaona. Marko aandika kwamba Bwana alikuwa peke yake katika nchi kavu, juu mlimani, usiku, nao wako katikati ya ziwa. Hata hivyo aliwaona wakitaabika kwa makasia. Hakuwaona tu watakapofika, aliwaona wakitaabika. Hatusomi kwamba walikuwa wanaimba, wala kwamba walikuwa wanaomba. Walikuwa wanavuta. Na alipokuja hakusimama mbali kuwaita. Alipanda chomboni mwao, kile kile chenye Mathayo na Simoni na Yuda, na alipopanda upepo ukakoma. Nguvu zao hazikuukomesha upepo. Lakini kama wangetupa makasia, au wakageuziana migongo na kila mmoja akavuta kwake, angewakuta wapi?

Tusichanganye mambo haya mawili. Kafi ni letu. Maji na upepo ni vya Mungu. Mtu aliye katika hori la Mida hawezi kuyajaza maji kwa kafi, hata apige mwaka mzima. Wala maji yaliyojaa hayatampeleka anakotaka ikiwa kafi amelilaza magotini. Kupatana ni neema ya Mungu, nayo hujaa kwa saa yake. Kusema "kulia, kushoto" ni kazi yetu.

Mwingine atauliza, "Je, haiwezekani mtu kupiga kafi peke yake? Mbona ziko kayaki za mtu mmoja?" Zipo. Mwaka 1956 daktari mmoja Mjerumani, Hannes Lindemann, aliivuka bahari ya Atlantiki peke yake katika kayaki ya kukunja, akakaa majini siku 72. Ni ushujaa mkubwa, wala hatuudharau. Lakini yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba hatari yake kubwa haikuwa mawimbi. Ilikuwa akili yake, iliyochoka kwa upweke na kukosa usingizi, ikaanza kumwonyesha na kumsikizisha mambo yasiyokuwapo. Basi na sisi tuangalie. Mtu aliyejitenga na wenzake miaka mingi huanza kusikia mambo yasiyosemwa. Mwenzake akikohoa, yeye asikia tusi. Mchungaji akihubiri habari za Akani, yeye asema, "Ni mimi ananipiga vijembe." Upweke wa ugomvi nao una mizuka yake. Hata wanafunzi, kwa uchovu wa usiku ule, walimwona Bwana mwenyewe wakadhani ni mzuka.

Wale Wainuiti tuliowataja walikuwa na vyombo viwili. Kayaki ilikuwa ya mwindaji mmoja. Lakini walipohama na jamaa yao yote, wazee, watoto, mbwa na mizigo, hawakutumia kayaki. Walikuwa na chombo kingine kikubwa kilicho wazi, umiaki, na watu wengi walikiita chombo cha wanawake kwa kuwa mara nyingi wanawake ndio waliovuta makasia yake. Mwindaji aweza kwenda peke yake asubuhi na kurudi jioni. Jamaa nzima haihami katika kayaki. Na Kanisa ni jamaa inayohama. Tunatoka ng'ambo hii kwenda ng'ambo ile, pamoja na vitoto vyetu na vikongwe vyetu. Akina mama, mwaelewa ni nani hasa wanaovuta makasia yake.

Wakristo wa kale walilijua hili. Ile sehemu ya jengo la kanisa wanapoketi waumini ilipewa jina lililotokana na navis, neno la Kilatini lenye maana ya merikebu. Hata Baraza la Makanisa Ulimwenguni, lililoundwa Amsterdam mwaka 1948, alama yake ni chombo juu ya mawimbi, na mlingoti wake ni msalaba. Kwa hiyo kila Jumapili unapoingia na kuketi kwenye benchi, umekwisha kupanda chombo. Aliye kando yako hukumchagua. Amewekwa hapo na Yule aliyekulazimisha na wewe kuingia. Mabenchi hayana nafasi ya kumgeuzia mtu mgongo bila kuupinda mwili wako mwenyewe.

Sasa turudi nyumbani Kisongo. Mji wa Arusha unatujia. Ardhi ambayo wazee wetu waliipima kwa kutembea, sisi twaipima kwa hatua, na watoto wetu wanaipima kwa futi. Kila penye mpaka pana neno. Hatusemi kwamba haki isitafutwe. Mabaraza yapo kwa sababu hiyo, na Maandiko yenyewe yalaani anayeondoa mpaka wa jirani yake. Shauri la wale mama wawili halijamalizika hadi tunapoandika haya. Kila upande bado una mashahidi wake. Lakini siku hizi wakikutana njiani husalimiana, na wakati wa kupeana amani hawatazami tena dirisha na mlango. Na baraza likiahirishwa, hurudi wakiwa wamekaa gari moja. Hilo si dogo. Watu waweza kuwa na shauri bila kuwa na uadui, kama vile watu waweza kupiga kafi pande mbili za chombo na chombo kikaenda mbele.

Tena fikirini jambo hili. Isale ni mti wa ajabu. Jirani zetu Wachagga huupanda mpakani, nao husema, "Hapa ni pako, hapa ni pangu." Lakini kwa desturi yao ya tangu zamani, mtu aliyekosana na mwenziwe akimpelekea jani la isale, anamwomba amani, na ni vigumu sana mtu kulikataa jani hilo. Mti ule ule unaotenga mashamba ndio unaounganisha mioyo. Kumbe ule uliong'olewa usiku ulikuwa na kazi mbili, nasi tuliipigania moja tu.

Basi, wapendwa, yatupasa kufanya nini? Twaomba kila msomaji afanye mambo matatu, nayo ni mepesi kuyasema.

Kwanza, amtafute yule aliyekaa naye chombo kimoja na hawasemezani. Asianze na shauri lile zito. Aanze na kulia na kushoto: "Mvua huko kwenu imenyesha?" "Mtoto amepona?" "Jumamosi tutafagia kanisa saa ngapi?" Neno dogo la kazi laweza kukinyosha chombo kilichozunguka miaka mitatu.

Pili, aliye nyuma akubali kutazama bega la aliye mbele, na aliye mbele akubali kwamba njia inashikwa na mtu asiyemwona. Viongozi wa parishi, ninyi mna hesabu. Semeni kwa sauti, msihesabu moyoni. Nasi tulio nyuma tusijifanye kwamba usukani hauko kwetu.

Tatu, tusikae chini ya mti siku zote tukisema maji hayajaja. Yalikwisha kuja. Kila Jumapili Mezani pa Bwana yanajaa mpaka kwenye mizizi. Marko asema wanafunzi walishangaa mno kwa sababu hawakuufahamu muujiza wa mikate. Mioyo yao ilikuwa mizito. Yaani, mkate walioumega pamoja jioni ungetosha kuwafundisha ni nani aliyekuwa pamoja nao usiku. Sisi nasi mkate huo tumeumega mara ngapi, na mtu wa benchi la pili hatujamwambia hata "kulia"?

Bwana anatuona. Yu mlimani anatuombea, nasi tu katikati ya maji. Na zamu ya nne itafika.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetuweka katika chombo kimoja bila kutuuliza, utupe kusemezana. Utulizie upepo wakati wako, na mpaka hapo utie nguvu mikono yetu ivute pamoja. Uwakumbuke wote wenye mashauri ya mipaka katika Kisongo yetu, uwape haki, na pamoja na haki uwape amani. Upande chomboni mwetu, utufikishe ng'ambo. Amina.